Nani Amewahesabu Walio Chini?

Katika Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vilivyopiganwa tangu 1914 hata 1918, mataifa ya Ulaya yalizusha hesabu ya namna mpya. Rubani wa ndege ya vita alihesabiwa ndege za adui alizoziangusha, na kila alipoongeza moja magazeti ya kwao yalitangaza. Hesabu hiyo ndiyo iliyomfanya kijana aitwe bingwa wa angani, picha yake ikauzwa madukani kwenye kadi za posta, na watoto wa shule wakalijua jina lake kuliko jina la jemadari.

Wajerumani walisifika sana kwa hesabu hii. Manfred von Richthofen, aliyeipaka ndege yake rangi nyekundu, alihesabiwa ndege 80 kabla ya kuuawa tarehe 21 Aprili 1918, naye alikuwa hajatimiza miaka 26. Mwalimu wake, Oswald Boelcke, alihesabiwa 40. Alikufa tarehe 28 Oktoba 1916 ndege yake ilipogongana na ya mwenzake. Katika vita vya pili, Erich Hartmann alihesabiwa ndege 352, na hakuna rubani wa taifa lo lote aliyepata kuifikia idadi hiyo.

Hatuna haja ya kuubisha ujasiri wao. Kupanda chombo cha mbao na kitambaa, na kwa muda mwingi wa vita vile vya kwanza bila hata mwavuli wa kujiokolea, si kazi ya mwoga. Lakini hesabu hiyo ni ya ndege kwa ndege. Haina safu ya kumwandika mtu aliyekuwa chini. Na sisi wa Afrika ya Mashariki, tukivitazama vita vya angani kutoka mwambao wa Ziwa Nyasa, kutoka Mbamba Bay na Liuli hata milima ya Wamatengo huko Mbinga, twaona kwamba nafasi yetu katika hesabu hiyo ilikuwa hapo chini, pasipoandikwa. Makala hii yataka kuifungua safu hiyo.

JINA MOJA, KAZI MBILI

Yafaa tuanze na ukoo ule ule wa Richthofen, maana umebeba mafunzo. Manfred alikuwa na ndugu wa ukoo wake, Wolfram von Richthofen, aliyeruka pamoja naye katika kikosi kimoja mwaka 1918, akahesabiwa ndege 8. Vita vilipokwisha Wolfram aliendelea na kazi ya jeshi. Tarehe 26 Aprili 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe huko Hispania, ndege za Kijerumani na za Kiitaliano ziliupiga mabomu mji wa Guernica. Mkuu wa mipango wa kikosi kile cha Wajerumani alikuwa Wolfram von Richthofen.

Basi jina ni moja, na mafunzo ya urubani ni yale yale. Wa kwanza alisifiwa kwa kupigana na marubani wenzake wenye silaha kama zake. Wa pili alipanga kuupiga mji. Ndani ya miaka 20 tu, ndege ya vita ilihama kutoka kazi ya kwanza kwenda kazi ya pili, na mkuu wa jeshi lote la anga la Hitler wakati huo, Hermann Göring, alikuwa yeye mwenyewe bingwa wa angani wa vita vya kwanza, aliyehesabiwa ndege 22. Wasomaji wetu wakumbuke pia kwamba baba yake, Heinrich Göring, alikuwa mjumbe wa kwanza wa dola ya Ujerumani kuitawala nchi iitwayo leo Namibia. Mabingwa hawa hawakushuka kutoka mbinguni. Walizaliwa katika dola iliyokuwa ikitawala watu wengine, na sisi tulikuwa miongoni mwa watu hao.

BANDARI YA LIULI

Vita vya 1914 vilipoanza, habari zake zilifika upesi katika Ziwa Nyasa, ila hazikufika kila mahali. Liuli wakati huo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, yaani bandari ya Sphinx, kwa ajili ya jiwe kubwa lililopo pale, linalofanana na sanamu ile ya Misri. Meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Mwezi Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen, chini ya Kamanda Rhoades, ilitokea ikaipiga mzinga. Nahodha wa Kijerumani, ambaye siku zote alikuwa rafiki yake Rhoades, alikuwa bado hajapata habari kwamba mataifa yao yamo vitani. Alikamatwa. Tarehe 30 Mei 1915 Waingereza walirudi Liuli na kuiharibu meli ile kwa mara ya pili.

Magazeti ya London yaliandika habari ile kama ushindi wa manowari, na vitabu vya vita mpaka leo huisimulia kwa kicheko, kwa sababu ya nahodha aliyepigwa na rafiki yake. Sisi twaona jambo jingine. Tangu siku ile mwambao huu ukawa uwanja wa vita visivyokuwa vya wenyeji. Watu wa huku walikuwa bado wanauguza majeraha ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hata 1907. Songea Mbano alikuwa amenyongwa mwaka 1906, na njaa iliyoletwa na kuchomwa kwa mashamba na maghala ilikuwa imeua watu wengi kuliko risasi. Kabla kizazi kile hakijapumua, kikaitwa tena kubeba mizigo ya vita.

Kuhusu ndege, Wajerumani wa hapa hawakuwa na mabingwa wo wote. Vita vilipoanza walikuwa na ndege iliyoletwa Dar es Salaam na rubani Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho, nayo haikudumu. Waingereza ndio walioleta ndege: kwanza kuitafuta manowari ya Königsberg katika vijito vya Rufiji, ambako mwezi Julai 1915 marubani waliiongoza mizinga iliyoiangamiza, kisha, mwanzoni mwa 1916, kikosi cha marubani wa Afrika ya Kusini kikafika Mombasa. Mbao za ndege zilijikunja kwa joto na mvua, marubani wakaanguka kwa homa, na msitu ukawaficha waliotafutwa. Katika nchi hii vita havikuamuliwa na rubani. Vilichukuliwa na mpagazi.

MERIKEBU ISIYOFIKA

Hata hivyo Berlin haikukata tamaa ya kuwafikia watu wake kwa njia ya hewa. Tarehe 21 Novemba 1917 merikebu ya angani iitwayo L 59 iliondoka Jamboli, katika Bulgaria, ikiwa na watu 22 na shehena ya tani 15 hivi: risasi, bunduki za mtombo, dawa na vitu vinginevyo kwa ajili ya jeshi la Lettow-Vorbeck. Urefu wake ulikuwa mita 226, yaani zaidi ya uwanja wa mpira mara mbili. Haikutazamiwa kurudi. Ilikusudiwa kwamba ikifika ivunjwe: kitambaa chake kikatwe mahema na nguo, ngozi ya sakafu yake iwe viatu, na vyuma vyake visimamishe mlingoti wa simu ya upepo.

Ilivuka bahari na jangwa la Libya, ikafika magharibi ya Khartoum. Huko, usiku wa kuamkia tarehe 23, ilipata simu ya upepo kuiamuru irudi, kwa kuwa Berlin iliamini kwamba jeshi la Lettow-Vorbeck limekwisha pondwa. Merikebu ikageuka. Ilitua Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 hewani na safari ya kilomita zaidi ya 6,700. Siku ile ile, tarehe 25 Novemba 1917, Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma na kuipiga ngome ya Wareno huko Ngomano, akapata bunduki na risasi nyingi kuliko alivyoweza kutumia.

Safari ile imeandikwa vitabu vingi, na kwa kweli ilikuwa ya ajabu kwa wakati wake. Lakini tuulize: tani 15 ni mizigo mingapi ya kichwani? Mpagazi mmoja alibeba kilo 25 hivi. Kwa hiyo shehena yote ya merikebu ile, iliyosifiwa dunia nzima, ilikuwa kazi ya wapagazi 600. Na wapagazi waliotumiwa na pande zote katika vita vile walihesabiwa kwa malaki. Kwa upande wa Waingereza peke yao, hesabu inayotajwa sana ni ya wapagazi wapatao 95,000 waliokufa, wengi wao kwa maradhi na njaa. Wale 22 wa L 59 majina yao yapo. Merikebu yao ilipolipuka na kuanguka baharini karibu na Italia tarehe 7 Aprili 1918, kila aliyekufa aliandikwa. Majina ya wale 95,000 hayakuandikwa juu ya jiwe lo lote.

Na watu wa Songea na mwambao wa ziwa hawakuachwa hata hapo. Mwishoni mwa Septemba 1918 Lettow-Vorbeck alivuka tena Ruvuma kuja upande huu, akapita nchi ya Songea kuelekea Njombe na Rhodesia ya Kaskazini, huku nyuma yake likija jeshi la Waingereza. Jeshi linalopita hula, na chakula chake hutoka katika ghala la mkulima.

NDEGE AROBAINI

Sasa tuvuke miaka 47, tufike wakati ambao wazee wetu wangali wanaukumbuka. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilikubali kuisaidia Tanzania kuunda kikosi chake cha anga. Wakufunzi walifika pamoja na ndege za kujifunzia. Mwezi Februari 1965, kwa sababu Tanzania ilikubali Ujerumani ya Mashariki iwe na ofisi ya konseli Dar es Salaam, serikali ya Bonn iliuvunja msaada huo wa kijeshi na kuwaondoa wakufunzi wake. Mwalimu Nyerere akajibu kwamba kama msaada ni kamba ya kutufungia, basi na waondoe uliobaki. Wakanada ndio walioshika kazi ya mafunzo, mpaka mwaka 1970.

Habari hiyo inajulikana sana. Isiyosemwa mara nyingi ni iliyofuata. Mwaka 1966, yaani mwaka mmoja tu baada ya kutunyima marubani, Ujerumani ya Magharibi iliiuzia Ureno ndege 40 za vita za aina ya Fiat G.91, zilizotengenezwa Italia na zilizokuwa mali ya jeshi la anga la Ujerumani. Kabla ya hapo Ureno ilikwisha pata kutoka Ujerumani ndege ndogo za Dornier Do 27, ambazo jumla yake ilizidi mia moja. Mwaka ule ule wa 1966 mkuu mpya wa jeshi la anga la Ujerumani ya Magharibi alikuwa Johannes Steinhoff, bingwa wa angani wa vita vya pili, aliyehesabiwa ndege 176. Hatumtwisi yeye peke yake jambo lililoamuliwa na serikali. Twaonyesha tu kwamba mabingwa wale hawakuwa tena hadithi ya zamani, walikuwa makazini.

Serikali ya Bonn ilisema kwamba ndege zile zimeuzwa kwa sharti: zitumike kwa kujihami tu, kwa mujibu wa mapatano ya NATO. Wareno nao wakajibu bila kuona haya kwamba sharti hilo hawalivunji, kwa kuwa ardhi ya Ureno inafika mpaka Afrika, na Angola, Msumbiji na Guinea ni Ureno. Kwa maneno hayo mwanakijiji wa Msumbiji, aliyezaliwa karibu na Ziwa Nyasa na babu zake wamezikwa hapo, akawa amegeuzwa kuwa adui anayevamia Ulaya. Mwuzaji alilisikia jibu hilo, wala hakuzirudisha ndege.

Mwaka 1967 Fiat zikaanza kazi Guinea, kisha zikaletwa Msumbiji, zikakaa Nacala na baadaye Tete. Upande wa Niassa, unaopakana na wilaya zetu za Mbinga na Nyasa, Wareno walikuwa na viwanja vya ndege Nova Freixo, uitwao leo Cuamba, na Vila Cabral, uitwao leo Lichinga. Na ziwani walikuwa na kituo cha manowari ndogo huko Metangula. Do 27 ilikuwa jicho lao: iliruka polepole juu ya msitu kutafuta moshi, njia iliyokanyagwa, au shamba jipya, na mara nyingine ilifungwa roketi chini ya mabawa. Kilichoonekana kilipigwa, na katika vita vile Wareno walitumia hata mabomu ya moto yaitwayo napalm.

Hapa ndipo tofauti na mabingwa wa 1917 inapokuwa wazi. FRELIMO, iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuanza vita tarehe 25 Septemba 1964, haikuwa na ndege hata moja. Rubani wa Kireno juu ya Niassa hakuwa na mwenzake wa kupigana naye. Hakuna ndege aliyoiangusha, kwa hiyo hakuna hesabu. Kazi yake yote ilikuwa juu ya watu waliokuwa chini: mpiganaji, ndiyo, lakini pia mama aliye shambani na mtoto aliye kisimani.

NJIA ILE ILE, MZIGO MWINGINE

Mpaka wetu na Msumbiji, kati ya ziwa na mahali Mto Ruvuma unapoanza kuwa mpaka, ni mstari tu uliochorwa juu ya ardhi. Wanyasa wa upande huu na wa upande ule ni ndugu. Wanaoana, wanazikana, na mitumbwi yao huvua katika maji yale yale. Kwa hiyo vita vya Niassa vilipoanza mwaka 1964, watu wa mwambao hawakuhitaji kuelezwa na mtu. Waliwaona jamaa zao wakija na watoto mgongoni. Makao ya wakimbizi yalifunguliwa Lundo, karibu na ziwa, na Muhukuru, kusini ya Songea. Mkulima wa Mbinga aliyekuwa na gunia la mahindi alijikuta ana wageni, naye hakuuliza hati ya kusafiria.

Ndani ya Niassa waliobaki walijifunza kuishi chini ya ndege. Walilima vishamba vidogo vidogo vilivyotawanyika chini ya miti, ili visionekane kutoka juu. Walipika usiku, maana moshi wa mchana ulikuwa barua kwa rubani. Walitembea gizani. Wengine Wareno waliwakusanya kwa nguvu katika vijiji vilivyozungushiwa seng'enge, ili mpiganaji asipate mtu wa kumlisha.

Na silaha zilizovuka kutoka Tanzania zilibebwa kichwani, siku nyingi kwa miguu, na wanaume na wanawake. Mwaka 1967 FRELIMO iliunda kikosi cha wanawake, ambacho kilibeba silaha, kililinda vijiji, na kiliwafundisha watu kwa nini vita vinapiganwa. Twawaomba wasomaji watafakari jambo hili. Njia hizi za Ruvuma ni zile zile alizopita mpagazi wa 1917. Mzigo ulikuwa karibu ule ule: sanduku la risasi, gunia la chakula, dawa. Ndege ilikuwa juu katika vita vyote viwili. Lakini mpagazi wa kwanza alifungwa kamba akachukuliwa, na hakujua anabeba mzigo kwa ajili ya nini. Wa pili alijua. Ndiyo sababu mpagazi wa 1917, alipopata nafasi, alitoroka. Na wa 1967, ndege ilipokwisha pita, aliutafuta mzigo wake majanini akaendelea na safari.

Hilo ndilo jambo ambalo wataalamu wa vita vya angani hawakuweza kuliona kutoka juu. Mwezi Julai 1970 Jemadari Kaúlza de Arriaga alianzisha huko Cabo Delgado mashambulio makubwa kuliko yote ya vita vile, kwa ndege, helikopta na maelfu ya askari, akitumaini kuimaliza FRELIMO mara moja. Haikumalizika, ilizidisha mapigano Tete. Tarehe 25 Machi 1973, huko Guinea, kombora dogo linalofyatuliwa begani kwa mtu mmoja liliiangusha ndege ya Fiat. Mwaka 1974 makombora ya aina ile yalifika Msumbiji. Tarehe 25 Aprili 1974 maofisa wa jeshi la Ureno wenyewe, waliochoshwa na vita, waliipindua serikali yao. Tarehe 7 Septemba mapatano yalitiwa sahihi Lusaka, na tarehe 25 Juni 1975 Msumbiji ikawa huru.

Tanzania ililipa pia. Ndege za Wareno zilivuka mpaka zaidi ya mara moja, na mabomu ya kutegwa ardhini yaliwapata wananchi wetu waliokuwa wakienda zao shambani. Huko Naliendele, Mtwara, yako makaburi ya mashujaa wetu wa ukombozi.

DENI LILILOBAKI

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wazao wa Songea Mbano, akaomba radhi kwa yale Wajerumani waliyowatendea babu zetu katika Vita vya Maji Maji. Jambo hilo lilikuwa la haki, na lilichelewa. Sisi hatulidharau. Lakini radhi ile ilihusu vita vya 1905. Ndege 40 za 1966 haziko katika radhi ile, wala wapagazi wa 1914 hata 1918. Na haitufai kukaa tukingojea wengine watukumbushe mambo yetu wenyewe.

Kwa maana deni la kwanza ni letu. Kijana aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1968, aliyesikia mngurumo wa Do 27 upande wa pili wa mpaka na kumsaidia mama yake kuwakaribisha wageni wa Lundo, leo amepita miaka 70. Kila msimu wa kahawa unapokwisha huko Mbinga, wazee wa namna hiyo wamepungua. Siku hizi barabara ya lami inashuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na safari iliyokuwa taabu kubwa ni ya saa chache. Hakuna udhuru tena wa umbali.

Twasema basi kwamba matawi ya Chama katika wilaya za Mbinga, Nyasa na Songea, walimu wa sekondari pamoja na wanafunzi wao, misheni za mwambaoni, na vyama vya wafanyakazi, wana kazi mbele yao isiyohitaji fedha nyingi. Yatosha daftari, kalamu, simu ya mkononi ya kurekodi sauti, na adabu ya kumsikiliza mzee mpaka amalize. Waulizwe: nani alivuka, lini, alipokewa na nani, alibeba nini, nani hakurudi. Waulizwe wanawake kwanza, kwa kuwa wao ndio waliopika usiku na ndio wasiotajwa. Majina yapelekwe shuleni, katika ofisi za kata, na katika Makumbusho ya Maji Maji huko Songea, yaandikwe mahali ambapo mtoto ataweza kuyasoma.

Rubani Richthofen ana orodha ya ndege zake 80, kila moja na tarehe yake na mahali ilipoanguka. Alipenda hata kujitengenezea kikombe kidogo cha fedha kwa kila ushindi, mpaka fedha ikaadimika Berlin. Hatuwaombei watu wa Ruvuma vikombe vya fedha. Twataka waandikwe kwa uangalifu ule ule: jina, tarehe, mahali. Wazee wangalipo, na kazi hii yaweza kuanza juma hili.